Simu kutoka Muscat: kisa cha binti wa darasa la saba, Ngamiani

Mwanzoni mwa Oktoba, wiki chache baada ya mtihani wa darasa la saba, msafiri kutoka Oman alifikisha bahasha katika nyumba moja ya Ngamiani, Tanga. Ndani mlikuwa na simu janja ambayo mjomba aliyeko Muscat ameitumia mwaka mmoja na nusu, kava jipya na chaja. Ujumbe wa sauti ukafuata kwa mama wa nyumba: "Dada, hiyo ni ya mpwa wangu. Aingie nayo kidato cha kwanza, asihangaike njiani." Binti mwenyewe alikuwa na miaka 12, na angetimiza 13 katikati ya Novemba.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya uchambuzi, ndiyo maana hakina majina. Vipande vyake vyote ni vya kawaida: mama ana genge la mbogamboga, anaondoka alfajiri kufuata mzigo na kurudi saa 12 jioni, baba ni dereva wa lori, anaonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi, bibi mzaa mama yupo nyumbani kutwa, kaka wa miaka 17 ana simu janja tangu akiwa na 15, na hakuna aliyemwekea sharti lolote.

Umri ndilo jambo la kwanza wanaloulizana wazazi, na katika nyumba hii lilijibika upesi likasaidia kidogo tu. WhatsApp, Instagram na TikTok kwa masharti yao zinaanzia miaka 13. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa ya kijamii inatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti. Lakini hizo ni sheria za akaunti. Hazimwambii mama wa Ngamiani kama binti yake, akitumiwa ujumbe wa kumtisha saa 2 usiku, atatoka sebuleni kumwonyesha mtu au atajifunika shuka na kunyamaza. Kwetu sisi utayari unapimwa hapo kuliko mahali pengine popote, na sehemu nzito ya kisa hiki ni siku nne ambazo binti huyu alinyamaza.

Kumshukuru mjomba bila kumkabidhi mtoto simu

Simu ya zawadi ina uzito wake. Ukiirudisha umemvunjia heshima kaka yako. Ukimpa mtoto siku hiyo hiyo, mjomba ndiye aliyeamua mambo ya nyumba yako akiwa ng'ambo. Kuificha kabatini nako hakufai. Kaka alishaiona, na katika nyumba ya vyumba vinne siri ya namna hiyo haifiki Ijumaa. Mtoto akiikuta mwenyewe atajifunza kwamba mambo ya simu katika nyumba hii huendeshwa kwa kificho.

Mama alimwita binti, akamwonyesha simu, akamwacha aishike, kisha akaandika ujumbe mbele yake: "Kaka, simu imefika salama, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Mpwa wako ameiona na amefurahi sana. Tunaiweka mpaka atimize 13, halafu tutamwanzishia pole pole. Kuna akaunti yako humu, tutakuomba uitoe." Ni ujumbe mzuri. Mjomba ameshukuriwa, amepewa tarehe, na amepewa kazi ya kufanya, kwa hiyo hatashangaa akimpigia mpwa wake wiki ijayo na kukosa kumpata.

Hoja ya njiani

"Asihangaike njiani" ndiyo sababu inayotolewa zaidi ya zote, na ndiyo ambayo simu inaitatua kidogo kuliko zote. Inafaa kuichambua taratibu, maana wazazi wengi wanaikubali kabla hawajaihesabu.

Majina ya kidato cha kwanza yalipotoka Desemba, binti alipangiwa shule ya kutwa upande wa Pongwe. Mama alichukua karatasi akaandika saa ambazo mtoto hatakuwa na ndugu yeyote karibu: asubuhi kituoni na ndani ya daladala mpaka saa 1 na robo, kisha shuleni mpaka saa 9, kisha kituoni tena, na kufika nyumbani saa 10 na nusu kama gari halikusumbua. Katikati ya saa hizo ipo shule, na shuleni simu ni marufuku kwa mwanafunzi. Simu ya kumsaidia kituoni asubuhi ni lazima ilale mahali fulani mpaka saa 9.

Wanafunzi wana njia mbili. Ya kwanza ni kuificha chini ya madaftari. Siku ya msako simu inachukuliwa, mzazi anaitwa, na kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya usalama kinakuwa kesi ya nidhamu. Ya pili ni kumwachia mwenye duka jirani na shule kwa hela kidogo. Hapo simu inakaa saa nane mikononi mwa mtu ambaye mama hamjui, mara nyingi bila kufuli, ikiwa na picha za mtoto na laini yenye jina la mama. Hatuoni faida ya kituoni inayolingana na hasara hizo.

Mama alitatua safari bila simu. Binti alijifunza kwa kichwa namba tatu, ya mama, ya bibi na ya baba, akiulizwa kila usiku kwa wiki nzima mpaka akazitaja bila kusita hata akiulizwa ghafla anaosha vyombo. Watoto wanaokua na simu hawajui namba ya mtu yeyote. Simu ikizima chaji, wanabaki hawana mtu. Namba hizo pia ziliandikwa ndani ya jalada la daftari. Noti ya 500 iliwekwa mbali na nauli, ya kumwomba mtu ampigie nyumbani. Mama alimtafuta mwalimu wa darasa wiki ya kwanza akachukua namba yake, na akamsalimia mwenye duka la kituoni ili amjue binti kwa sura. Likabaki sharti moja lisilo na mjadala: gari likikosekana mpaka saa 11 jioni, anarudi getini kwa mlinzi au mwalimu wa zamu. Hapandi lifti ya mtu yeyote, hata anayemwita "mwanangu". Mabinti wengi wameingizwa matatani kwa lifti, na simu mfukoni haimshushi mtu kwenye gari.

Nauli yenyewe ikafanywa kipimo. Mwanafunzi analipa shilingi 200, kwenda na kurudi 400, kwa siku tano 2,000. Binti alipewa zote Jumatatu asubuhi. Anayeweza kufika Ijumaa na 400 yake mfukoni, bila kukopa kwa rafiki, ataweza pia kulinda bando lisiishe Jumanne. Anayeshindwa bado hana kosa. Ila umejua mapema, kwa gharama ya nauli ya siku mbili, badala ya kujua kwa gharama ya simu nzima.

Hoja ya njiani ikaisha. Zikabaki sababu mbili za kweli: kundi la WhatsApp la tuisheni ya maandalizi ya kidato cha kwanza, iliyokuwa Chumbageni, na kuzungumza na baba na mjomba. Zote mbili hutimizwa nyumbani jioni. Kilichohitajika hapo ni simu inayokaa nyumbani, ambayo binti ana saa zake za kuitumia. Simu ya kutembea nayo ni hatua nyingine, na inapimwa peke yake.

Kuisafisha simu ya mtumba

Simu iliyotumika ina mambo yake, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza hela kwa fundi bila sababu. La kwanza ni akaunti ya Google ya mjomba. Ukiifuta simu kwa kubonyeza vitufe vya pembeni huku akaunti ile bado imo, ikiwaka itadai nywila ya mwenye nayo wa zamani. Ni kinga dhidi ya wezi, na haibagui mwizi na mpwa. Mpangilio sahihi ni huu: mjomba akiwa hewani, fungua mipangilio, nenda kwenye akaunti, ondoa akaunti yake, ondoa pia kufuli ya skrini, kisha futa simu yote kupitia mipangilio yenyewe. Kufuta kunaondoa pia picha, meseji na makundi ya mtu mzima ambayo mtoto hakukusudiwa kuyaona.

La pili ni IMEI, namba ya tarakimu 15 inayotambulisha kifaa. Piga *#06# itokee, linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa meseji kwenda 15090 uone kama jina la simu linalorudi ndilo uliloshika mkononi. Tangu Juni 2016 simu zenye IMEI bandia zinazimwa kwenye mitandao ya Tanzania, na simu za mkono wa pili ndizo zinazowaingiza watu hasara hiyo.

La tatu ni tarehe ya kuzaliwa. Fundi wa mtaani akiombwa afungue akaunti huandika 1990 ili mambo yaende haraka. Kuanzia hapo YouTube na duka la programu vinamhesabu mtoto kuwa mtu wa makamo na kumfungulia kila kitu. Akaunti ya binti huyu ilifunguliwa kwa tarehe yake halisi na kuunganishwa na simu ya mama kwa Family Link, programu ya Google ya usimamizi wa wazazi, naye akiambiwa. Inaweka muda wa matumizi kwa siku, inafunga simu usiku, na inamtaka mama aidhinishe programu kabla haijapakuliwa. Mzazi ajue na kisichofanyika: Family Link haisomi meseji za WhatsApp. Anayedhani amemaliza ulezi kwa kuiweka atashangaa baadaye.

Laini

Mtoto chini ya miaka 18 hasajili laini. Mzazi au mlezi anasajili kwa kitambulisho chake cha taifa (NIDA) na alama ya kidole. Mama alikwenda kwenye duka la kampuni na kuwaacha mawakala wa miavuli. Kwa wakala, kisa kinachojirudia ni kuambiwa "kidole hakijasoma, weka tena", mara tatu, nne. Hapo huenda laini ya ziada imesajiliwa kwa jina lako, na itauzwa kwa mtu wa kutapeli watu. Ukishasajili, popote ulipofanyia, piga *106# uone namba zote zilizo chini ya kitambulisho chako. Namba usiyoitambua, rudi dukani ifutwe siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa laini ina jina la mama, deni lolote la salio na mkopo wowote wa simu ni wa mama. Hakufungua akaunti ya pesa kwenye laini hiyo.

Wiki sita za majaribio

Zilianza katikati ya Novemba, binti alipotimiza 13. Simu ilikaa kwenye rafu ya sebuleni, pembeni ya soketi. Saa ya binti ilikuwa moja, kuanzia saa 1:45 usiku mpaka 2:45, baada ya hapo simu inalala chumbani kwa bibi. Saa hiyo ilitokana na hesabu ya usingizi. Mwezi Januari angeamka saa 11 alfajiri. Akilala saa 3 usiku amepata saa nane. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2016 unawataka walio na miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Nane ni ukingo. Nusu saa ya kuchati chini ya shuka inamtoa nje ya ukingo huo kila siku ya shule.

Bibi aliweka daftari la kurudisha simu. Wiki ya kwanza ilirudi kwa wakati bila kuitwa mara ya pili usiku tatu kati ya saba. Wiki ya pili, nne. Wiki ya tatu, sita. Tunashauri kupima hivi kwa maandishi, kwa sababu mzazi aliyechoka anakumbuka tu usiku ule mmoja wa kelele. Daftari ndilo lililoonyesha kwamba binti alikuwa anajifunza.

Bando lilileta ugomvi wa kwanza, na haukuwa wa haki. Mama alinunua GB 1 kwa wiki, likaisha Jumanne, akamshutumu binti kwamba anatazama video. Kaka alipokagua alikuta duka la programu linasasisha kila kitu kwa data, na WhatsApp inapakua yenyewe kila picha na video ya kundi. Mambo hayo mawili yalizimwa: usasishaji ukawekwa kwa Wi-Fi pekee, upakuaji wa WhatsApp ukawa wa kubonyeza. Wiki iliyofuata bando lilifika Jumapili. Ni kweli video inakula, ya ubora wa kati karibu MB 500 kwa saa, lakini kagua mipangilio kabla ya kumkagua mtoto. Mama alimwomba radhi, na tunadhani radhi ile ilikuja kumsaidia baadaye kuliko alivyojua.

Wiki ya tatu iliingia meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Binti aliipeleka kwa bibi mwenyewe, wakaituma 15040, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya kuripotia utapeli. Alifaulu hapo bila shida, kwa kuwa jambo hilo halikumhusu yeye wala halikumtia aibu.

Siku nne

Kundi la tuisheni lilikuwa na watu zaidi ya 100: wanafunzi, wazazi, walimu, na watu ambao hakuna aliyejua waliingiaje. Namba za wote zinaonekana na kila mtu. Wiki ya nne, Jumatatu, namba ngeni ilimwandikia binti pembeni: "Mambo, mi rafiki wa mwalimu." Akajibu, "Poa. Nani mwenzangu?" Jumanne akaombwa picha, "nijue ni yupi kati yenu". Hakutuma. Jumatano: "Ukisema kwenu nitasema wewe ndo ulinianza."

Mpaka Alhamisi usiku hakuna mtu mzima aliyejua. Dalili ilikuwepo lakini ilikuwa kinyume na wanayoitarajia wazazi. Wengi wanangoja mtoto ang'ang'anie simu. Binti huyu alianza kuikwepa: Jumatano aliirudisha rafuni dakika ishirini kabla ya wakati, kioo kikitazama chini, na Alhamisi akasema saa yake apewe kaka. Daftari la bibi lilikuwa na alama nzuri usiku huo. Kaka ndiye aliyeshtuka, akamfuata bibi.

Bibi alimkalisha mkekani. "Mjukuu wangu, simu haiendi popote leo. Niambie." Akaambiwa yote.

Kwa nini alinyamaza siku nne, wakati meseji ya utapeli aliisema dakika ile ile? Jibu liko kwenye maneno ya mama siku majaribio yalipoanza: "Nikisikia upuuzi wowote, simu inarudi Muscat." Mama alikusudia kumlinda. Mtoto alisikia kwamba bei ya kusema ni kupoteza simu, na pia kupoteza kundi la tuisheni, kuongea na baba, na imani ya mjomba. Mtu anayemwinda mtoto anategemea hesabu hiyo hiyo. Ujumbe wa Jumatano ulirudia kitisho ambacho nyumba ilishakitoa. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi, na hufanywa na wazazi wanaojali, kwa sababu asiyejali hatoi masharti kabisa.

Basi siku nne hazikuthibitisha kwamba binti hayuko tayari. Zilithibitisha kwamba nyumba haikuwa tayari. Mama aliporudi kutoka msibani usiku ule, bibi alimtangulia uani akamweleza kabla hajaingia, hasira ikaishia huko nje. Alipoingia alisema sentensi mbili tu, na ndizo tungependa kila mzazi aziseme siku ya kwanza: "Mwanangu, hujakosa. Na kuanzia leo, jambo lolote utakaloniletea wewe mwenyewe, simu haitachukuliwa kwa sababu ya jambo hilo." Ahadi hii ina mipaka yake. Akichelewesha kurudisha simu, adhabu ya kuchelewesha ipo. Lakini habari anayoileta kwa mdomo wake haigeuzwi kuwa kesi dhidi yake.

Kilichofuata kilikwenda kwa mpangilio, na mpangilio una maana. Hawakufuta chochote. Mkono wa kwanza wa mzazi hukimbilia kufuta, na ushahidi hupotea. Walipiga picha za skrini za ujumbe wote, namba ikionekana, na kuzituma kwenye simu ya mama. Waliandika namba, tarehe na saa kwenye daftari. Hawakumjibu wala kumtukana, maana akijua ameshikwa atatupa laini. Kisha ndipo walipomripoti na kumzuia ndani ya WhatsApp. Asubuhi mama alikwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi akiwa na daftari na picha zile. Ambaye hawezi kufika, au anayetaka kushauriwa kwanza, anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Mtoto mwenyewe naye anaruhusiwa kuipiga, na binti aliongezewa namba hiyo kuwa ya nne ya kukariri.

Halafu mipangilio ambayo ilipaswa kuwekwa siku ya kwanza: wanaoweza kumwingiza kwenye makundi wawe walio kwenye orodha yake tu, picha yake ionekane na hao tu, simu za wasiojulikana zisilie. Mwalimu wa tuisheni aliombwa alifanye kundi la matangazo, wasimamizi pekee wakituma, na akaondoa namba zisizojulikana ni za nani. Haya hayazuii mtu kumwandikia mtoto pembeni, na kila aliyemo kundini bado anaiona namba yake. Kwa hiyo binti alitoka kundini, matangazo yakawa yanaingia kwenye simu ya mama. Hakupungukiwa na kitu.

Mama aliuliza kama mtu huyo ni mgeni wa mbali. Si lazima. Ripoti ya mwaka 2022 ya ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto), INTERPOL na UNICEF kuhusu Tanzania ilieleza kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kingono wa mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, na kwamba wanaofanya hivyo mara nyingi mtoto anawajua tayari. Kwa hiyo onyo la "usiongee na usiowajua" ni nusu ya onyo. Nusu ya pili ni ombi lenyewe: yeyote anayeomba picha kwa siri, awe mwalimu, jirani au binamu, habari yake inaletwa nyumbani.

Kaka naye alikalishwa, kwa jambo lingine. Vijana wa umri wake hupokea picha za uchi za wasichana wa shule na kuzipeleka mbele kama utani. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kusambaza picha za ngono za mtoto kuwa kosa la jinai. Aliyepokea akasambaza amesambaza.

Uamuzi wa Januari

Simu janja imebaki ya nyumba. Imeongezwa nusu saa Jumamosi na Jumapili mchana. Kitochi, simu ndogo ya vitufe, cha shilingi 35,000 kimenunuliwa kwa siku anazokwenda kwa shangazi Makorora au kubaki kwenye maulidi mpaka usiku. Kinapiga, kinapokea, na chaji yake inakaa siku kadhaa. Shuleni haendi na chochote. Kaka naye anaweka simu yake rafuni saa 4 usiku. Alilalamika wiki nzima, lakini sharti la mtu mmoja kwenye nyumba ya watu watano lingekufa kabla ya Ramadhani.

Suala la simu yake mwenyewe litarudi mezani baada ya mitihani ya Juni. Watakachotazama kimeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la bibi, na binti amekisoma: nauli ya wiki imefika Ijumaa, simu imerudi bila kuitwa angalau usiku sita kati ya saba, na ameleta mwenyewe mambo ya kumwaibisha au kumtia hofu, hata madogo. La mwisho linahesabiwa kuliko mawili ya kwanza. Asipoleta lolote miezi sita, hawatafurahi kwamba hakuna tatizo. Watamuuliza, na watajiuliza wenyewe wamesema nini.

Mjomba alielezwa yote na mama, isipokuwa maneno yenyewe ya meseji zile. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado anaweza kumpigia mpwa wake moja kwa moja. Akajibiwa apige Ijumaa baada ya Isha. Simu itakuwa rafuni, na atakayepokea ni yeye.